Namna ya kumtafuta babu wa reli na ndugu zake katika magazeti na nyaraka za zamani

Koo nyingi za Afrika Mashariki zina mtu wa reli: babu aliyekuwa fayamani (mchochea moto) wa garimoshi, babu mkubwa aliyekuwa nyapara wa genge la kutengeneza njia, mjomba aliyekuwa karani wa tiketi. Ukiuliza zaidi unaambiwa, "Alikuwa reli, akahamishwa, akaoa huko huko." Wajukuu wanabaki na jina moja, picha moja, na hamu ya kujua ndugu wengine wako wapi.

Mwongozo huu unahusu reli za Kenya, Uganda na Tanganyika, tangu Wajerumani walipoanza kutandika njia kutoka Tanga mwaka 1893 hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Kanuni yangu ni moja: tafuta stesheni na mwaka kabla ya kutafuta jina. Mtu mmoja aliweza kuwa Juma bin Hamisi kwenye cheti cha ndoa, Juma Hamisi kwenye karatasi ya mshahara, na Juma Mnyamwezi kwenye daftari la nyapara. Karani aliandika alivyosikia, na Wajerumani wakaandika Djuma. Ukishajua kwamba mtu wako alikuwa Voi kati ya 1931 na 1936, hata jina likiwa limeharibika utalitambua.

Hatua ya kwanza: wazee, sanduku na picha

Kaa na wazee kabla hujagusa kompyuta. Swali la "babu alizaliwa mwaka gani" halizai kitu. Uliza walikaa landi gani (nyumba za wafanyakazi wa reli), jirani wa mlango wa kulia alikuwa nani na ametoka wapi, watoto walisoma shule gani, maji yalichotwa wapi. Halafu waulize kila mtoto wa mzee huyo alizaliwa wapi. Hapa ndipo penye siri kubwa ya familia za reli: watoto walizaliwa kufuata uhamisho wa baba. Wa kwanza Tabora, wa pili Kilosa, mapacha Korogwe, kitinda mimba Dar es Salaam. Wapange kwa umri na mahali pa kuzaliwa, na hapo umepata safari ya kazi ya baba yao bila kufungua faili hata moja.

Wasikilize zaidi bibi na mashangazi. Wao ndio waliofunga mizigo kila barua ya uhamisho ilipofika, na ndio wanaokumbuka majina ya majirani wa Muthurwa na Makongeni kule Nairobi, Changamwe kule Mombasa, Nsambya kule Kampala au Gerezani pale Dar es Salaam. Andika majina ya majirani wote. Jirani aliyebaki kwenye stesheni babu alipoondoka anaweza kuwa ndiye shahidi wa ndoa yake au baba wa ubatizo wa mwanawe, na jina lake litakusaidia baadaye.

Kisha omba kuona sanduku. Usidharau kifungo cha koti wala beji ya kofia, maana herufi zake zinataja zama. UR ni Reli ya Uganda ya mwanzo. KUR, na baadaye KUR&H, ni reli na bandari za Kenya na Uganda, kuanzia katikati ya miaka ya 1920 hadi 1948. TR ni reli ya Tanganyika chini ya Waingereza. EAR&H ni shirika la pamoja lililozaliwa mwaka 1948, mifumo hiyo ilipounganishwa. Mwaka 1969 bandari zilitengwa, ikabaki EAR hadi 1977. Kifungo kimoja kinaweza kukupunguzia nusu karne ya kutafuta.

Kama babu alifanya kazi Kenya, ulizia kipande, yaani kitambulisho cha kazi. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, na mwanamume Mwafrika alilazimika kukibeba, mara nyingi ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kilikuwa chombo cha kumdhibiti mtu, na wazee wetu walikichukia kwa haki. Lakini kilichobaki nyumbani leo ni hazina: kina alama za vidole, wilaya ya kwao, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na kuacha kazi, na mshahara. Familia ikiwa nacho, piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma. Usikiingize kwenye plastiki ya moto.

Picha nazo zigeuze. Nyuma mara nyingi pana muhuri wa studio wenye jina la mji, na mji huo ni stesheni au jirani yake. Kwenye picha yenyewe tazama injini. Ikiwa ni lile jitu refu lililounganishwa vipande vitatu, lenye bamba la jina la mlima ubavuni, hilo ni la daraja la 59. Ziliundwa 34 Manchester, zikaanza kufika mwaka 1955, na kazi yake kubwa ilikuwa njia ya Mombasa na Nairobi. Basi picha hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya 1955, hata kama shangazi anaapa kwamba ilipigwa wakati wa vita. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971, yana injini ya namna hiyo, namba 5918, Mount Gelai. Ukiweza, nenda na picha yako uzilinganishe ana kwa ana.

Hatua ya pili: pima simulizi kwa tarehe za reli

Familia nyingi husema babu "alijenga reli" hata kama aliajiriwa miaka 30 baada ya njia kufunguliwa. Hakuna ubaya, lakini usifungue faili za mwaka usio wake.

Kwa Kenya na Uganda: ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Njia ya kupitia Eldoret ilifika Kampala mwaka 1931 tu, kwa hiyo aliyejenga "reli ya Kampala" ni mtu wa kizazi kingine kabisa. Kabla ya hapo abiria walivuka ziwa kwa meli, na meli hizo zilikuwa za reli. Babu baharia wa Kisumu au Port Bell naye alikuwa mfanyakazi wa reli, na kumbukumbu zake ziko humo humo. Watu wengi hawafikirii kutafuta huko.

Kwa Tanganyika: njia ya Tanga ilifika Moshi kabla ya Vita vya Kwanza. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma mapema 1914. Tawi la Tabora hadi Mwanza ni la Waingereza, 1928.

Andika pia majina ya zamani ya vituo, kwa sababu utafutaji wa kwenye kompyuta haujui kwamba Kipkelion iliitwa Lumbwa, wala kwamba Nyahururu iliitwa Thomson's Falls. Kwenye karatasi za Kijerumani utakuta Daressalam, Muansa, Udjidji na Neu-Moschi.

Hatua ya tatu: gazeti la serikali

Hapa pasomwe taratibu, maana ndipo familia nyingi zimepata jibu lao, na ni bure. Gazeti rasmi la serikali ya Kenya lilianza mwaka 1899 kama gazeti la himaya za Afrika Mashariki na Uganda, na matoleo yake mengi yanasomeka na kutafutika mtandaoni kupitia Google Books na tovuti ya Gazettes.Africa. Watu hulikimbia wakidhani ni la sheria tu. Ndani yake kuna matangazo ya mirathi.

Tangazo la mirathi huwa fupi, lakini kila neno lina kazi. Linataja mahakama, jina la marehemu, mahali alipoishi, tarehe na mahali alipofia, na jina la anayeomba kusimamia mali, pamoja na uhusiano wake na marehemu: mjane, mtoto wa kiume, ndugu. Kwa mistari sita tu unaweza kupata tarehe ya kifo, kijiji, na jina la mke ambaye familia yako haikuwahi kumsikia.

Kuna jambo ambalo wengi hawalizingatii. Katika miaka ya ukoloni matangazo hayo yalijaa Wazungu na Wahindi. Waafrika walikuwa wachache. Lakini Sheria ya Urithi ya Kenya ilipoanza kutumika mwaka 1981, mirathi ya raia wote iliingia humo. Kwa hiyo usitafute tu miaka babu aliyofanya kazi. Tafuta miaka 10, 20, hata 40 baada ya kustaafu kwake. Watoto wengi hawakufungua mirathi mpaka shamba lilipohitaji kubadilishwa jina, na tangazo likatoka marehemu akiwa ameshaoza kaburini.

Wakati wa kutafuta, weka jina moja tu pamoja na mahali: "Ouma" na "Kisumu", au "Mutua" na "Makindu". Ongeza neno "deceased", kwa kuwa matangazo ni ya Kiingereza. Kisha rudia kwa kila tahajia unayoweza kufikiria: Juma, Jumah, Jumaa, Omari, Omar, Omary, Hussein, Husein, Hussain. Kompyuta iliyosoma karatasi zilizochakaa nayo hukosea herufi: c huwa e, m huwa rn. Ukikosa jina, tafuta kijiji peke yake usome kwa macho. Inachosha, lakini inalipa.

Hatua ya nne: magazeti

Gazeti kubwa la Kiingereza lilikuwa African Standard, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1902 na A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara yule yule aliyekuwa kontrakta wa reli. Baadaye likaitwa East African Standard, likahamia Nairobi mwaka 1910. Tanganyika Standard ilianza Dar es Salaam mwaka 1930. Ya Wajerumani ni Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, iliyoanza mwaka 1899, na Maktaba ya Taifa ya Berlin imeiweka mtandaoni.

Uwe tayari kwa jambo moja linaloumiza. Treni ilipoanguka, magazeti hayo yalitaja dereva Mzungu kwa jina na cheo, yakamtaja gadi Mhindi kwa jina, kisha yakasema Waafrika kadhaa wamekufa. Idadi, bila majina. Ukikuta habari ya namna hiyo kwenye stesheni na mwaka wa babu yako, usiifunge kwa huzuni ukaondoka. Chukua tarehe kamili ya ajali. Tarehe hiyo ndiyo ufunguo wa faili la mkuu wa wilaya, ambamo majina yaliandikwa kwa sababu mshahara uliobaki ulitakiwa umfikie mtu fulani.

Magazeti ya Kiswahili ni jambo jingine kabisa, nami nayapenda kwa moyo wote. Mambo Leo lilianza Tanganyika mwaka 1923, Kwetu la Erica Fiah mwaka 1937, na Baraza la Nairobi mwaka 1939. Humo Mwafrika aliandika mwenyewe: barua kwa mhariri, salamu za vifo, malalamiko ya mishahara, habari za miji. Na mashairi! Mtunzi alitia jina lake na mji wake chini ya shairi, na mara nyingi beti ya mwisho ilimtaja yeye na kwao. Makarani na wafanyakazi wa reli walikuwa watu wa kusoma na kuandika, gazeti liliwafikia kwa treni, na jioni walikuwa na wasaa. Soma kurasa za mashairi za miaka yake, ukitafuta jina la mji wa stesheni. Anayejibizana naye kwa mashairi kutoka mji mwingine naye mwandike, huenda walifanya kazi pamoja.

Shirika lenyewe la EAR&H lilikuwa na machapisho yake: jarida la Spear, na gazeti la wafanyakazi lililoitwa Sikio. Hapo utatafuta vyeo, michezo, na waliostaafu. Timu ya mpira ya reli ni mlango mzuri, maana picha ya timu huwa na majina ya wachezaji wote chini yake.

Angalia pia miaka ya migomo: Mombasa Januari 1947, na mgomo mrefu wa reli ya Tanganyika mwaka 1960 ulioongozwa na chama cha wafanyakazi chini ya Christopher Kasanga Tumbo. Nyakati hizo magazeti yalitaja wajumbe wa matawi, waliokamatwa na waliofukuzwa, watu ambao kwa kawaida hawakuandikwa.

Nakala za Standard zipo Maktaba ya McMillan, Nairobi, na mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam una magazeti mengi ya Kiswahili.

Hatua ya tano: nyaraka na vitabu vya dini

Sasa una stesheni, miaka, na pengine tarehe moja au mbili. Huu ndio wakati wa kwenda kwenye hifadhi: Nyaraka za Taifa za Kenya, barabara ya Moi Avenue, Nairobi, Nyaraka za Taifa za Tanzania, Upanga, Dar es Salaam, za Uganda, Wandegeya, Kampala, na za Zanzibar, Kilimani. Usimwambie mhudumu "natafuta babu yangu". Mwambie, "Naomba orodha ya mafaili ya mkuu wa wilaya ya Voi, 1930 hadi 1937, yanayohusu mali za marehemu, kazi na reli." Ukitaja wilaya, miaka na mada, atajua rafu ya kwenda.

Faili la mali za marehemu ni la kusoma kila karatasi. Ndani huwa na barua ya reli kusema fulani amefariki na mshahara wake bado upo. Barua ya mkuu wa wilaya ya kwao kumuuliza chifu. Na jibu la chifu likitaja baba, wake, watoto na ndugu. Ni ukoo mzima kwenye karatasi tatu.

Usitegemee vyeti vya kuzaliwa kwa kizazi hicho. Nchini Kenya usajili wa vizazi na vifo ulikuwa lazima kwa nchi nzima mwaka 1971 tu. Kwa Wakristo nenda parokiani au usharikani. Vitabu vya ubatizo vya Kikatoliki vina faida ya pekee kwa watu wa reli: mtu akioa mbali, parokia ya ndoa hupeleka taarifa parokia aliyobatizwa, na padri huandika pembeni mwa jina lake mahali na tarehe ya ndoa. Aliyebatizwa kijijini akaoa Tabora ataonekana palepale kijijini. Kwa Waislamu, muulize kadhi wa mji wa stesheni kuhusu daftari za ndoa na talaka.

Waliotoka India

Kama ukoo wako ni wa Kipunjabi au Kigujarati, pima kwanza kama kweli babu alikuja kujenga. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India kwa mikataba. Takriban 2,500 walikufa, na waliobaki baada ya kazi walikuwa kama 6,700 tu. Waliokuja baadaye kama mafundi wa karakana, makarani na wenye maduka ni wengi mno. Kumbukumbu za uhamiaji wa kutoka India zimo katika mafaili ya India Office, Maktaba ya Uingereza, London. Barua za makoloni ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London. Karibu na nyumbani, hekalu la Makalasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926 na watu wa reli, ni mahali pa kuuliza wazee. Wagoa nao warudi kwenye parokia za Goa.

Hatua ya mwisho: ndugu wa upande wa pili wa njia

Mtu aliyehamishwa mara nyingi aliacha watu kila mahali, na hili halifai kufichwa wala kupigiwa kelele. Usishangae kukuta mke Kigoma na mwingine Kisumu. Mipaka nayo ilitenganisha familia. Mwaka 1970 Uganda iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya, na watoto wengine wakabaki na mama zao Kampala au Jinja. Mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika, kila mfanyakazi akarudi kwao, na mafaili ya ajira yakagawanyika kati ya mashirika matatu ya reli.

Kwa miaka hii tafuta pensheni. Makubaliano ya 1984 ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya yaliipa kila nchi jukumu la mafao ya watu wake, na Tanzania madai ya wastaafu wa Jumuiya yalikuwa habari ya magazeti kwa miaka mingi. Mafao ya mzee aliyekuwa amefariki yalidaiwa na warithi wake, na warithi walitakiwa wapate barua ya usimamizi wa mirathi, mara nyingi kutoka mahakama ya mwanzo. Jalada hilo lina muhtasari wa kikao cha ukoo wenye majina na sahihi za waliohudhuria. Nenda mahakama ya mji alikostaafia, ukiwa na jina lake na namba ya ajira kama ipo kwenye karatasi yoyote ya mshahara.

Ukipata jina la aliye hai, usimpigie simu ghafla kumwambia kwamba baba yenu ni mmoja. Watu hao wameshalelewa na hadithi yao, na hofu ya kwanza ni kwamba umekuja kudai urithi. Barua ya kwanza iandikwe na mtu mzima wa ukoo wenu, itaje stesheni na miaka, iambatane na nakala ya picha, na iseme wazi kwamba hamtafuti kiwanja.